Je, Wajua? Bakteria Wanaoshiba kwa Dawa ya Magugu

Mvua ya kwanza baada ya kupulizia dawa shambani hushuka mtoni na mizigo yake: udongo, samadi, na sehemu ya ile dawa iliyokusudiwa kuua magugu. Kuinasa dawa hiyo isifike kwenye glasi ni kazi moja. Kuimaliza kabisa isiwepo tena duniani ni kazi nyingine, ngumu zaidi, na wanaoiweza hawaonekani kwa macho. Nimekukusanyia maajabu ya kazi zote mbili.

Kidonge kimoja, maboza mia tano

Umoja wa Ulaya unaruhusu maikrogramu 0.1 tu ya kiuagugu chochote kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Hebu fikiria kidonge kimoja cha Panadol, miligramu 500. Dawa ya magugu yenye uzito huo ingetosha kufikisha kikomo hicho katika maboza 500 ya maji, kila boza likibeba lita 10,000! Marekani wao wana kikomo chao kwa atrazini, dawa iliyotengenezwa Basel, Uswisi, miaka ya 1950 na inayopuliziwa sana mashamba ya mahindi: maikrogramu 3 kwa lita, mara 30 ya kile cha Ulaya. Ulaya waliipiga marufuku atrazini mwaka 2004. Marekani bado inapuliziwa kila msimu.

Chura dume aliyetaga mayai

Mwaka 2010 Tyrone Hayes na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba waliwalea vyura dume 40 katika maji yenye maikrogramu 2.5 za atrazini kwa lita, yaani chini ya kikomo cha Marekani. Takriban mmoja kati ya kumi aligeuka jike, akapandwa na dume mwenzake, akataga mayai yakaanguliwa. Watoto wote wakawa madume, kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa na kromosomu za kiume. Kampuni inayotengeneza dawa hiyo ilipinga matokeo hayo kwa nguvu na wanasayansi wamebishana kwa miaka, lakini tangu hapo hakuna anayezungumzia atrazini bila kumtaja chura.

Na chura mwenyewe ni Mwafrika, asili yake kusini mwa bara letu. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za nchi nyingi zilimtumia kupima ujauzito: alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, jibu ni ndiyo.

Sufuria haisaidii

Kuchemsha maji hakuondoi atrazini. Maji hupaa kwa mvuke, dawa hubaki sufuriani, na kinachosalia huwa kikali kidogo kuliko mwanzo. Shabu nayo hushusha tope chini, lakini kitu kilichokwisha kuyeyuka hakishuki nalo. Na klorini tunayoitegemea dhidi ya kipindupindu huiacha atrazini karibu ilivyo.

Usidhani kila kiuagugu kina tabia hiyo. Parakwati hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba mtu aliyeimeza huweza kupewa hospitalini kinywaji cha udongo maalumu au mkaa ili sumu inaswe kabla haijaingia kwenye damu.

Uwanja wa mpira ndani ya kijiko

Gramu moja ya mkaa amilifu ina eneo la ndani la mita za mraba 500, na ulio bora hupita 1,000. Kijiko kimoja au viwili tu, na una eneo la uwanja mzima wa mpira wa miguu. Siri ni vijitundu: mkaa huokwa bila hewa, kisha hupitishiwa mvuke wa joto kali sana unaochimba mapango madogo kila mahali, na molekuli za dawa zikiingia humo hukwama. Moja ya malighafi zinazopendwa zaidi kwa kazi hii ni kifuu cha nazi, kile kile ambacho watu wa Pwani hukitia jikoni. Ugumu wake ndio unaotakiwa.

Katika majimbo ya mahindi ya Marekani, viwanda vingi vya maji humwaga unga wa mkaa huo kwa wiki chache tu za mwaka, baada ya kupanda, mvua zinapoosha mashamba. Uchunguzi umeonyesha pia kwamba mkaa wa kawaida wa tanuri haunasi dawa vizuri kama ule uliotengenezwa kwa joto la juu kwenye majiko ya gesi ya kuni. Kwa vijiji visivyo na kiwanda cha maji, habari hiyo ni ya thamani.

Lakini mkaa hauui sumu. Huishika tu. Ukijaa, lazima uchomwe upya kwenye tanuru au utupwe mahali.

Utando wa hekta 34

Karibu na Paris, kwenye kiwanda cha maji cha Méry-sur-Oise, maji ya mto Oise husukumwa kupita kwenye utando wenye eneo la mita za mraba 340,000. Hizo ni hekta 34, zilizosokotwa ndani ya mirija. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1999, kina uwezo wa kutoa mita za ujazo 140,000 kwa siku, na utando wake ulibuniwa hasa kwa ajili ya kuzuia atrazini. Vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba molekuli ya maji hupita na ya dawa hugonga ukuta.

Sasa uliza swali ambalo mtoto angeuliza: hiyo dawa iliyogonga ukuta inakwenda wapi? Inabaki upande wa pili, katika maji machache zaidi, ikiwa imekolea. Hapo ndipo bakteria wanapoingia.

Aliyepatikana kwenye sumu iliyomwagika

Bakteria maarufu kuliko wote kwa kula atrazini alitolewa kwenye udongo wa Minnesota, Marekani, mahali ambapo dawa yenyewe ilikuwa imemwagika. Raphi Mandelbaum, Deborah Allan na Lawrence Wackett wa Chuo Kikuu cha Minnesota walimtangaza mwaka 1995. Wazo lao lilikuwa rahisi na zuri mno: kama kuna kiumbe aliyejifunza kuila dawa hii, atakuwa anaishi pale chakula kilipolundikana.

Namna walivyomtambua inanifurahisha kila ninapoifikiria. Atrazini huyeyuka kidogo sana, kama miligramu 33 tu katika lita ya maji. Ukizidisha, chembe zake nyeupe huelea. Basi wakatengeneza sahani za kuoteshea bakteria zilizojaa atrazini hadi zikawa nyeupe, zisizopenyeza mwanga, wakapanda vijidudu vya udongo ule juu yake, wakasubiri. Waliokuwa wakiila dawa walizungukwa na pete angavu. Weupe ulikuwa umeliwa! Huhitaji mtambo wowote kuona jambo hilo. Bakteria huyo akapewa jina la *Pseudomonas* aina ya ADP.

Na kwa nini amtake adui huyu awe chakula? Kwa sababu molekuli moja ya atrazini ina atomu tano za naitrojeni, kirutubisho kile kile ambacho mkulima hununua kwenye mfuko wa yurea. Kwa bakteria mwenye njaa, hiyo ni mbolea.

Wafanyakazi sita

ADP huimaliza atrazini kwa vimeng'enya sita, na maelekezo ya kuvitengeneza vyote yameandikwa kwenye duara dogo la DNA lenye herufi 108,845, lililosomwa lote na kuchapishwa mwaka 2001. Kimeng'enya cha kwanza hung'oa atomu ya klorini, na papo hapo dawa hupoteza uwezo wake wa kuua mimea. Viwili vinavyofuata hukata mikono miwili iliyoning'inia pembeni. Kinabaki kipete kitupu. Cha nne hukifungua, na viwili vya mwisho humalizia kazi. Kilichokuwa kiuagugu kinatoka kama amonia na hewa ya ukaa.

Kipete hicho huuzwa dukani

Kipete kitupu kinachobaki katikati ya safari hiyo ni asidi sayanuriki, na wenye mabwawa ya kuogelea hukinunua ili jua lisiimalize klorini yao haraka. Shida ni kwamba hujilimbikiza hadi klorini inashindwa kufanya kazi, na dawa ya kawaida imekuwa kumwaga sehemu ya maji ya bwawa na kujaza mapya. Watafiti wa Minnesota walitambua kwamba vimeng'enya vya bakteria vinavyofungua kipete hicho vingeweza kuokoa maji hayo.

Tofauti tisa kati ya 475

Kimeng'enya kinachong'oa klorini ya atrazini kina viungo 475, na kinatofautiana na ndugu yake kwa viungo tisa tu. Ndugu huyo huvunja melamini, kitu kinachotengenezea sahani ngumu za plastiki, na wala haishughulikii atrazini. Kwa hiyo tisa kati ya 475, chini ya asilimia mbili, ndiyo umbali kati ya kula kitu kimoja na kula kingine kabisa. Atrazini ilipotoka kiwandani miaka ya 1950 hapakuwa na kitu kama hicho katika maumbile. Ndani ya miongo minne palikuwa na kiumbe anayeitegemea kwa chakula. Binadamu huona mageuzi ya viumbe kama jambo la mamilioni ya miaka. Hili limetokea katika umri wa mtu mmoja.

Na halikubaki Minnesota. Mwaka 1998 iliripotiwa kwamba jeni hizo, zikifanana kwa asilimia 99 au zaidi, zimo ndani ya bakteria wa jamii tofauti kabisa waliotolewa sehemu za dunia zilizo mbalimbali. Bakteria hupeana jeni, na jeni yenye faida husafiri haraka kuliko anayeibeba.

Mla atrazini wa mashamba ya miwa ya Kenya

Mwaka 2009, watafiti wa Kenya na Ujerumani wakiongozwa na Zachary Getenga walitangaza bakteria wa jamii ya *Arthrobacter* waliyemtoa kwenye udongo wa shamba la miwa nchini Kenya. Alikuwa akiivunja atrazini, pamoja na dada yake terbuthailazini, hadi ikatoka hewa ya ukaa. Shamba lililopuliziwa msimu baada ya msimu lilikuwa limefuga msafishaji wake lenyewe, bila mtu yeyote kumleta. Ningependa kila mwanafunzi wa biolojia kutoka Kisumu hadi Kilombero asikie habari hii: huhitaji kuagiza bakteria ng'ambo, anza na udongo ulio chini ya miguu yako.

Udongo unaojifunza

Ukipitisha kiuagugu cha 2,4-D kwenye udongo mara ya kwanza, kwa siku kadhaa hakuna kinachoonekana kutokea, kisha ghafla dawa inapotea. Ukipitisha mara ya pili, inaanza kupotea mara moja. Mwanabotania L. J. Audus wa London alilionyesha hilo mwaka 1949, miaka michache tu baada ya 2,4-D kuingia sokoni. Zile siku za kimya ni muda ambao bakteria wachache wanaoweza kuila wanazaana hadi wawe jeshi. Kwa mkulima hii ina pande mbili: dawa inaondoka haraka zaidi, na inafanya kazi kwa muda mfupi zaidi.

Kutoka maji machafu hadi kwenye soya

Jeni iliyowezesha soya kustahimili dawa ya glaifoseti ilitoka kwa bakteria aliyepatikana kwenye mfumo wa majitaka wa kiwanda kilichokuwa kikitengeneza glaifoseti yenyewe, huko Luling, Louisiana. Huyu hakuwa mlaji. Alikuwa na kimeng'enya ambacho dawa haikukiweza. Soya yenye jeni yake iliingia mashambani Marekani mwaka 1996.

Akiwa na chakula kingine, haigusi

ADP akipata nitreti kwa wingi hupunguza bidii ya kuila atrazini. Anaitaka kwa ajili ya naitrojeni, na nitreti ni naitrojeni rahisi zaidi. Tatizo ni kwamba mashamba yanayotiririsha dawa ya magugu hutiririsha pia mbolea, katika mfereji ule ule.

Bakteria wafu kazini

Mwaka 1997 karibu kilo 450 za atrazini zilimwagika South Dakota, na udongo huo ukasafishwa kwa bakteria waliokufa. Watafiti walichukua *E. coli*, wakampa jeni ya kung'oa klorini, wakamkuza kwa wingi, kisha wakamuua kwa kemikali inayoshikamanisha sehemu zake. Mwili ukabaki kama mfuko, na kimeng'enya ndani yake kikaendelea na kazi. Baada ya wiki nane, atrazini ilikuwa imepungua kwa asilimia 52. Mahali ambapo waliongeza fosfeti ili kuwaamsha na bakteria hai wa pale pale, asilimia 77.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kiumbe aliyebadilishwa jeni hawezi kutoroka wala kuzaana. Mwaka 2012 kikundi cha Minnesota kikaipeleka mbele zaidi: wakawafungia bakteria hao ndani ya jeli ya silika, madini ya mchanga na kioo, na maji yenye atrazini yakawa yanapita katikati. Kimeng'enya kilidumu na kazi hadi miezi minne.

Wadenmaki na wageni walioliwa

Denmark hunywa karibu maji ya ardhini matupu, na kwa kawaida bila kutia klorini. Fikiria basi mshtuko wao walipokuta visima vingi vina BAM, mabaki ya dawa iitwayo dikhlobenili iliyokuwa ikimwagwa kwenye nyua na njia za changarawe ili nyasi zisiote. Dawa ilipigwa marufuku mwaka 1997. BAM haikuondoka, iliendelea kushuka taratibu kuelekea chini, na visima vikafungwa kimoja baada ya kingine.

Watafiti wakampata *Aminobacter* aina ya MSH1, ambaye huila BAM yote. Wakamtia kwenye vichujio vya mchanga vya kiwanda halisi cha maji, wakashangilia: BAM ikapungua. Kisha ufanisi ukashuka. Kwanza, vichujio hivyo huoshwa kila mara kwa kusukuma maji kwa kinyume, na bakteria wakasombwa. Pili, protozoa waliokuwa wakiishi mchangani wakawala wageni. Tatu, na hili ndilo la kusikitisha zaidi, BAM ilikuwa kidogo mno kuwashibisha. Maikrogramu zinazomwogopesha binadamu ni njaa kwa bakteria.

Jibu walilolijaribu baadaye linanifanya niwapigie makofi. Walipitisha maji kwanza kwenye utando, kama ule wa Méry-sur-Oise lakini wenye vitundu vidogo zaidi. Maji safi yakaenda upande mmoja, na yale machache yaliyokolea BAM na virutubisho vingine yakapelekwa kwenye mchanga wa MSH1. Utando ulikuwa na uchafu usiojulikana pa kupelekwa. Bakteria alikuwa na njaa. Kila mmoja alikuwa na suluhisho la mwenzake.

Mkaa uliochoka huzaliwa upya

Chembe za mkaa amilifu zikishajaa, bakteria huhamia humo na kuanza kula kilichonaswa. Huko Mülheim, Ujerumani, kando ya mto Ruhr, miaka ya 1970 wahandisi waliacha kutia klorini mwanzoni mwa safari ya maji, wakatia ozoni badala yake. Ozoni hukatakata molekuli kubwa ziwe vipande vinavyolika, na mkaa unaofuata huwa makao ya walaji. Kichujio kikadumu kwa muda mrefu kuliko kilivyotarajiwa.

London na sandwichi ya mkaa

Mwaka 1829 James Simpson alijenga chujio la mchanga kwa ajili ya maji ya mto Thames huko Chelsea, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi ingefanywa na utando wa vijidudu hai juu ya mchanga. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba vijidudu huleta maradhi. Vijidudu hao wanaviweza baadhi ya viuagugu, ila atrazini huwapita. Miaka ya 1990 kampuni ya maji ya London ikatandaza tabaka la mkaa amilifu katikati ya mchanga, juu mchanga na chini mchanga, na kuliita sandwichi. Mabwawa ya zamani hayakuvunjwa.

Mwanga unaovunja

Katika kijiji cha Andijk, Uholanzi, tangu 2004 maji ya ziwa IJsselmeer hutiwa peroksaidi kidogo na kumulikwa kwa taa za urujuanimno. Mwanga huigawa peroksaidi kuwa vipande vyenye hasira vinavyoshambulia karibu kila molekuli ya kaboni vinayoigusa, na mtambo ulipangwa uvunje asilimia 80 ya atrazini. Ni njia ya haraka na ya kutisha kwa ubora wake, ila taa hizo hula umeme mwingi sana.

Shimo la nyasi kavu

Sehemu kubwa ya dawa inayofika mtoni haitoki shambani kabisa. Hutoka pale mkulima anapojaza na kuosha bomba la kupulizia. Dawa isiyochanganywa bado na maji inadondoka mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka.

Wasweden wana jibu la bei rahisi kuliko yote niliyokusimulia. Tangu 1993 wakulima wao wamekuwa wakichimba shimo, wakitandaza udongo wa mfinyanzi chini, kisha kulijaza hadi kina cha sentimita 60 hivi kwa mchanganyiko wa nusu nyasi kavu za ngano, robo udongo wa kawaida na robo mboji ya kinamasi. Juu huota majani. Mashine ya kupulizia husimama juu ya shimo hilo wakati wa kujazwa, na kila tone linaloanguka huangukia humo. Mboji hulishika, nyasi kavu huwalisha kuvu, na kuvu humaliza.

Kuvu ndio mashujaa wa shimo hili. Wale wanaoozesha miti wana vimeng'enya vya kuvunja lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu wake. Lignini haina umbo moja, kwa hiyo vimeng'enya hivyo navyo havichagui: chochote kinachofanana nayo kidogo hukatwa. Mwaka 1985 ilionyeshwa kwamba mmoja wao, *Phanerochaete chrysosporium*, huweza kuvunja hata DDT. Mkulima wetu hana mboji ya kinamasi cha Sweden, lakini nyasi kavu, udongo na samadi iliyooza vipo kila kijiji, na jambo hili linastahili kujaribiwa.

Muhindi nao husafisha

Atrazini huua magugu kwa kuziba usanisinuru, lakini muhindi uliopo katikati yao hubaki kijani. Una kimeng'enya kinachoing'oa klorini ya dawa na kubandika kitu kingine mahali pake. Klorini ile ile anayoanza nayo bakteria! Miti nayo imo: katika Chuo Kikuu cha Iowa ilionyeshwa miaka ya 1990 kwamba mipopla huivuta atrazini kwa mizizi na kuivunja ndani ya mwili wake, na ndiyo maana watafiti wakapendekeza safu za miti hiyo kati ya shamba na kijito.

Jiji linalomlipa mkulima asipulizie

Mwaka 2012 mtengenezaji mkuu wa atrazini alikubali kulipa dola milioni 105 kwa mamlaka za maji za Marekani zilizodai gharama za kuisafisha. München, Ujerumani, walishika njia nyingine mapema zaidi. Tangu 1992 shirika la huduma la jiji huwalipa wakulima wa bonde la Mangfall, yanakotoka maji yake, walime bila kemikali. Dawa isiyopuliziwa haihitaji mkaa, wala utando, wala bakteria.

Fukusi badala ya dawa, Ziwa Victoria

Miaka ya 1990, magugu maji yalipofunga bandari na mialo ya Ziwa Victoria, kupulizia 2,4-D au glaifoseti ziwani kulikuwa pendekezo lililojadiliwa kwa uzito, na wengi wakalipinga wakihofia samaki na maji ya kunywa. Wakaletwa fukusi wawili wa jamii ya *Neochetina*, ambao asili yao, kama ya magugu maji yenyewe, ni Amerika Kusini. Waganda waliwaachia ziwani mwaka 1995, Wakenya na Watanzania mwaka 1997. Mkubwa hutafuna jani. Buu lake hutoboa shina na kuingiza maji hadi mmea unazama. Kufikia mwisho wa muongo huo sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imetoweka, ingawa mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo hupewa sehemu ya sifa. Huko Namulonge, Uganda, na Kibos karibu na Kisumu, fukusi hao walifugwa kwa maelfu, na wavuvi wenyewe wakashiriki kuwalea na kuwapeleka majini.